Bunduki isiyolia

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Katikati ya jiji la Dar es Salaam, kwenye Barabara ya Samora, yuko askari mmoja wa shaba ambaye hajapumzika tangu mwaka 1927. Ameinama kidogo, ameshika bunduki kwa mikono miwili, na singe yake imeelekea upande wa bandarini. Mama anayekwenda Posta hupita mbele ya bunduki hiyo na kikapu chake bila kujali. Mtoto hushika mguu wa sanamu akicheka. Hakuna anayekimbia, hakuna anayepiga yowe, kwa sababu kila mmoja wetu anajua kwamba bunduki ile haitalia.

Sasa hebu mchukue kijana wa miaka ishirini, umpe bunduki ya mti iliyopakwa rangi nyeusi, umwambie apite nayo Mtaa wa Msimbazi saa moja ya jioni. Bunduki hiyo nayo haitalia kamwe, lakini mambo yatakayomfika kijana huyo ni mengine kabisa. Tofauti ya bunduki hizi mbili si shaba wala mti. Ni kile ambacho watu wanaozitazama wanakijua na kile wasichokijua. Hayo, ndugu msikilizaji, ndiyo mazungumzo yetu ya leo: namna ya kuunda bunduki ya maigizo tangu ubao mtupu hadi ing'ae, na namna ya kuhakikisha kwamba kazi hiyo nzuri haimletei mtu msiba.

Nina sababu ya kuyazungumza haya. Katika mtaa wetu hapa Kariakoo kiko kikundi cha vijana wa maigizo. Walitaka kuonyesha mchezo juu ya Vita vya Maji Maji, vile vya mwaka 1905 hadi 1907, na walihitaji bunduki sita za askari wa Kijerumani. Wakanijia mimi, kwa kuwa wanajua marehemu baba yangu alinifundisha kushika randa kabla sijajua kushika kalamu. Nikakubali bila kufikiri sana. Nikadhani ni kazi ya useremala tu.

Jambo la kwanza katika kazi ya namna hii ni kujua unaiga nini. Vijana wetu walikuwa wamekwisha kwenda Samora kumchora yule askari wa shaba, wakaniletea karatasi zao kwa furaha. Nikawaambia, wanangu, mmepotea njia. Sanamu ile ni ukumbusho wa askari wa Kiafrika waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, na ni Waingereza walioisimamisha, zaidi ya miaka ishirini baada ya Maji Maji kuanza. Askari wa Mjerumani wa mwaka 1905 kwa kawaida alibeba bunduki nyingine, ya Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia risasi nene ya milimita 11 na baruti nyeusi yenye kutoa moshi mweupe mwingi. Ilikuwa ikitiwa risasi moja moja. Ukishapiga unafungua komeo na kutia nyingine. Silaha hiyo kuukuu bado ilikuwa mikononi mwa askari wengi vita kuu ilipoanza mwaka 1914. Tukatafuta picha yake, tukaipata.

Na hapa pana jambo dogo la kukumbuka kwa sisi wakazi wa Kariakoo. Jina la mtaa wetu halikutokana na wabeba bunduki, bali na wabeba mizigo. Ni lile neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopiga kambi hapa wakati wa vita hivyo. Maelfu kwa maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu bila kushika silaha yoyote. Kwa hiyo mtu wa Kariakoo anapounda bunduki, hata ya mti, ana haki ya kuiuliza maswali.

Turudi kwenye kazi. Unapokuwa na picha bila kipimo, hesabu yake ni rahisi. Pima urefu wa bunduki kwenye picha kwa rula. Yetu ilikuwa sentimita 16. Bunduki ya kweli ya aina hiyo ilifika kama mita 1 na sentimita 35, lakini waigizaji wetu ni vijana na jukwaa letu ni dogo, kwa hiyo tukaamua tuishie sentimita 120. Gawanya 120 kwa 16, unapata saba na nusu. Basi kila sentimita moja ya picha ni sentimita saba na nusu za ubao. Shingo ya bunduki, pale mkono wa kulia unaposhika, ilikuwa milimita 6 kwenye picha. Zidisha kwa saba na nusu, unapata milimita 45. Ukifanya hivyo kila mahali, hutakosea.

Kisha usikimbilie ubao. Chora umbo lote kwenye boksi gumu, kama yale yanayotupwa kila jioni nyuma ya maduka ya Mtaa wa Kongo, ulikate kwa wembe, na umpe mwigizaji aweke begani. Boksi halina gharama. Ubao una gharama. Sisi tulikata maboksi matatu kabla kitako hakijakaa vizuri kwenye bega la kijana mfupi kuliko wenzake.

Ubao unaofaa ni ule mkavu. Mninga ni mzuri kwa sababu haupindipindi ukishakauka, haumchoshi fundi, na rangi yake ya kahawia yenyewe inafanana na bunduki za zamani. Mkongo ni mgumu zaidi na mzito zaidi. Ukikosa fedha, msonobari unafaa, ila utahitaji kazi kubwa ya rangi ili kuficha weupe wake. Tulinunua mbao mbili za mninga zenye upana wa inchi 6, unene wa inchi 2 na urefu wa futi 12. Mwili wa bunduki yetu ulikuwa sentimita 110, kwa hiyo kila ubao ulitoa miili mitatu na kubakiza kipande cha kuchezea tupa.

Angalia nyuzi za ubao kabla hujachora. Nyuzi lazima zipite kwa urefu katika shingo. Zikikatiza shingo kwa upande, bunduki itakuwa nzuri siku ya kwanza, na siku ya pili mwigizaji ataanguka nayo na itakatika pale pale, mbele ya watu. Kama ubao wako hauruhusu, gundisha mbao tatu nyembamba pamoja kwa gundi ya mbao, uzibane kwenye jiliwa usiku kucha, halafu ndipo ukate.

Kukata hufanywa kwa msumeno mwembamba, ukiacha kama milimita tatu nje ya mstari. Milimita hizo ni za patasi, randa na tupa. Fundi mwenye haraka hukata juu ya mstari. Akikosea hana pa kurudi. Zungusha kingo zote kidogo kidogo, ukishika na kupapasa kila mara, kwani mkono huona nundu ambazo jicho halizioni.

Sasa tunafika kwenye mtutu, na hapa, ndugu msikilizaji, ndipo nilipopata somo langu la kwanza.

Mimi nilifikiri, kama ambavyo wengi wangefikiri, kwamba mtutu ni bomba. Kipande cha bomba la chuma hukipati kwa shida Gerezani, kwa mafundi wa vyuma. Nikaenda kwa mzee mmoja ambaye tangu utotoni mwangu namjua amekaa mbele ya fuawe yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea siku nyingi. Unatafuta nini?"

Nikamwambia, natafuta mabomba sita ya sentimita 75, ya bunduki za maigizo. Mzee akaweka nyundo chini.

"Mabomba sikupi," akasema. "Bomba likishakaa kwenye mti, hiyo si sanaa tena. Leo wanayo watoto wa maigizo. Kesho anayo nani? Wewe unajua gobore linatengenezwa kwa nini. Nenda Keko kwa wakerezaji wa miguu ya vitanda, wakukereze mti mtupu. Mti mtupu hauna kesho."

Nilijisikia vibaya, maana nilikwenda kwake kama fundi nikarudi kama mwanafunzi. Lakini mzee alisema kweli. Silaha yenye uwezo wa kufyatua, hata iwe gobore la kuwindia ngedere shambani, ni jambo la dola na la kibali. Tanzania tunayo Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, na si kazi ya seremala wa uani kuanza kubishana nayo. Bunduki ya maigizo iliyo salama ni ile ambayo haiwezi kugeuzwa kuwa kitu kingine hata ikiangukia mikono mibaya. Isiwe na bomba, isiwe na springi, isiwe na nafasi ya kutia chochote.

Nikaenda Keko. Mkerezaji akanitolea mitutu sita ya mninga mtupu, yenye unene wa milimita 25 nyuma na milimita 20 mbele, kwa muda usiozidi saa mbili. Mdomo wa mtutu tuliutoboa kwa kekee, kina cha sentimita moja tu, ili mtazamaji aone tundu. Ndani ya sentimita hiyo moja bunduki yetu inakwisha.

Mtutu hulazwa kwenye mfereji uliochimbwa juu ya mwili kwa patasi ya duara, nusu ndani na nusu nje, ukapakwa gundi. Ili ushike vizuri, hufungwa kwa pete mbili za bati. Bati hilo tulilikata kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Lakini kumbuka kukunja kingo zake ndani kabla ya kufunga, maana bati lililokatwa ni wembe, na mwigizaji anapogeuza bunduki haraka atachanika kiganja.

Komeo ni kipande cha mti wa duara kilichogundishwa nyuma ya mtutu. Mkono wake, ule wenye kichwa cha mviringo, ulitusumbua mpaka kijana mmoja alipokwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi na kurudi na vishikio vya droo za kabati. Vilikaa kana kwamba vilitengenezwa kwa kazi hiyo. Kinga ya triga ilikunjwa kutoka kwenye ukanda wa chuma chembamba. Triga yenyewe ni mti, imegundishwa, haisogei.

Bunduki ya mti mtupu ina aibu moja: ni nyepesi, na mwigizaji huibeba kama fimbo ya kuchungia. Mtazamaji hugundua mara moja. Dawa yake ni kutoboa matundu mawili kwenye kitako na kuingiza vipande viwili vya nondo ya milimita 12, kila kimoja sentimita 15, kisha kuziba kwa mti na gundi. Nondo ya unene huo ina uzito wa karibu gramu 890 kwa mita, kwa hiyo vipande hivyo viwili huongeza kama robo kilo, na robo kilo iliyokaa nyuma inatosha kulivuta bega la kijana chini kidogo. Ukimwona hivyo utaamini kwamba amebeba silaha tangu Kilwa.

Baada ya hapo ni kumalizia, na kumalizia ndiko kunakotofautisha kazi na kazi. Anza na msasa namba 80, uende namba 120, kisha 240, daima kwa kufuata nyuzi. Ukimaliza, pitisha kitambaa chenye maji. Nyuzi ndogo za mti zitasimama kama nywele. Acha zikauke, kisha pitisha tena 240. Fundi asiyefanya hivyo atashangaa kwa nini vanishi yake inakwaruza.

Kwa sehemu ya mti, usitumie vanishi ya kung'aa. Taa za jukwaani zikiipiga, bunduki hung'aa kama meza ya mgahawa. Tulitumia mafuta ya kitani, tabaka tatu, kila moja ikakauka kwa siku nzima. Naomba hapa nitoe onyo la dhati. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe pembeni. Vikirundikana hupata joto vyenyewe, na huweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandaze nje hadi vikauke, au vitie ndani ya ndoo ya maji. Sisi wa Kariakoo, ambao Julai 2021 tuliona soko letu likiungua, hatuhitaji kukumbushwa zaidi maana ya moto katika nyumba zilizobanana.

Kwa sehemu za kuiga chuma, paka kwanza puti ili vinyweleo vya mti vizibike, piga msasa namba 400, kisha paka rangi nyeusi isiyong'aa. Ikishakauka kabisa, chukua penseli laini, toa ule uti mweusi wa ndani, usage uwe unga, halafu sugua unga huo juu ya rangi kwa kitambaa kikavu. Utaona mti unageuka chuma mbele ya macho yako. Mwisho, sugua kingo kidogo pale ambapo mikono ya askari ingeshika kwa miaka mingi, ili bunduki ionekane imezeeka. Bunduki mpya kabisa katika mchezo wa mwaka 1905 ni uongo.

Tulipomaliza ya kwanza, tuliizunguka kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Nilitaka kupaka mdomo wake rangi nyekundu, kwa kuwa nilikwisha sikia kwamba ndivyo inavyofanywa. Kijana anayeongoza mchezo akanisihi. "Mzee, tutaharibu picha. Mjerumani gani alikuwa na bunduki nyekundu?" Nami, kwa kuvimba kichwa juu ya kazi ya mikono yangu, nikakubali. Kosa hilo ni langu, silimwekei mtu mwingine.

Jioni hiyo mwigizaji mmoja aliomba kwenda nayo nyumbani kufanya mazoezi. Akaizungusha gazeti, akaifunga kamba, akatoka. Alipofika karibu na kituo cha mwendokasi, gazeti likachanika, mtutu ukachomoza. Mtu mmoja akapiga kelele: "Ana bunduki huyo! Mwizi!" Ndugu msikilizaji, wewe unaishi nchi hii, unajua neno hilo linafanya nini. Kabla kijana hajafungua kinywa alikuwa amezungukwa. Mwingine ameokota jiwe, mwingine ameshika kipande cha mbao. Kijana akafanya jambo ambalo huenda ndilo lililomwokoa: aliilaza bunduki chini, akakaa kando yake, mikono juu ya kichwa.

Aliyemtoa ni mama mmoja anayeuza chakula pale jirani. Alisukuma watu kwa mwiko wake akipaza sauti: "Huyu mtoto nampikia kila siku! Ni mtoto wa maigizo huyu! Shikeni hicho kitu muone kama si ubao!" Mtu mmoja akakiinua, akakigonga chini, kikalia kama kitanda. Watu wakacheka. Wale wale waliookota mawe wakacheka, wakatawanyika. Kijana alirudi kwangu anatetemeka, na hakurudi mazoezini kwa wiki mbili.

Mimi usiku ule sikulala. Niliwaza: je, kama asingekuwapo yule mama? Na je, kama badala ya raia wenye mawe angekuwa askari mwenye silaha ya kweli, ana nusu dakika ya kuamua, na giza limeingia?

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Japani, ambako raia wa kawaida hapati silaha kwa urahisi, tangu miaka ya 1970 watu walianza kuunda bunduki za kuchezea zinazofanana kabisa na za kweli, zenye kusukuma kijipunje cha plastiki cha milimita 6 kwa springi au gesi. Mchezo huo, uitwao easofti, umeenea dunia nzima, na wako mabingwa wanaounda bunduki hizo wenyewe tangu mwanzo, kwa ufundi wa kustaajabisha. Lakini Wajapani hao hao waliona hatari yake mapema. Mwaka 1971 sheria yao iliagiza kwamba bastola za mfano za chuma zizibwe mtutu na zipakwe rangi nyeupe au ya manjano. Mwaka 2006 waliweka ukomo wa nguvu ya hizi za plastiki, isifike jouli moja. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka huo huo wa 2006, ilizuia uuzaji wa bunduki bandia zinazofanana mno na za kweli, isipokuwa kwa sababu maalumu kama maigizo na filamu. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1988, iliagiza bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya machungwa mdomoni.

Na ni huko Marekani, katika mji wa Cleveland, ambako Novemba 2014 mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akicheza uwanjani na bastola ya easofti. Ile alama ya machungwa haikuwapo tena. Mtu akapiga simu polisi. Gari la polisi likafika, na katika muda usiozidi sekunde mbili askari akampiga risasi. Mtoto akafa siku ya pili yake. Kipande kidogo cha plastiki chenye rangi hakikuwapo mahali pake.

Basi tukakaa kikao, wazee na vijana, tukaweka taratibu ambazo nazitaja hapa kwa ajili ya kikundi chochote, shule yoyote, na hata wenzetu wanaotengeneza filamu mitaani.

Kwanza, mdomo wa kila bunduki, sentimita tatu za mwisho pamoja na lile tundu, upakwe rangi nyekundu ya mafuta, tabaka mbili, wala isifunikwe. Pili, chini ya kitako kichomwe kwa chuma cha moto neno MAIGIZO pamoja na namba. Yetu ni namba 1 hadi 6. Tatu, bunduki zihesabiwe kabla na baada ya mazoezi, na anayezihesabu aandike jina lake daftarini. Nne, hakuna bunduki kulala nyumbani kwa mtu. Zinalala kwenye sanduku lenye kufuli. Tano, zinaposafirishwa ziwe ndani ya sanduku hilo hilo, mchana, pamoja na mtu mzima. Sita, kabla ya onyesho, ofisi ya serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha karibu wapewe taarifa kwa barua, na wakitaka kuziona wazione. Sisi tulipozipeleka, askari wa zamu alizigeuzageuza, akasoma lile neno kitakoni, akatabasamu, akauliza mninga tumenunua wapi.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kila sikukuu ya Idi na Krismasi watoto wetu hutoka madukani Kariakoo na bastola za plastiki, nyingine nyeusi tii, zenye kurusha vijipunje. Unapomnunulia mwanao, chagua ile yenye rangi ya kijani au ya manjano. Ile yenye vijipunje imwelekeze kwamba haielekezwi usoni kwa mtu, maana kijipunje kidogo hakipasui ngozi, lakini jicho hakiliachi. Na mtoto akishafika umri wa kuonekana mtu mzima kwa mbali, kitu hicho kisitoke naye barabarani.

Ndugu msikilizaji, onyesho lilifanyika. Nilikaa safu ya nne. Wale askari wa Kijerumani wakaingia, bunduki zikiwavuta mabega, komeo zinameremeta kijivu, vitako vimechakaa kama vya kweli. Nyuma ya pazia kijana alipiga ngoma kubwa mara moja, pale bunduki zilipopaswa kulia, na mwanamke aliyekaa mbele yangu akaruka. Ule wekundu wa mdomoni, ambao uliogopwa kwamba utaharibu picha, niliutafuta kwa macho nikauona mara moja tu, kwa kuwa mimi nilijua ulipo. Watu wengine walikuwa wakitazama nyuso za waigizaji.

Yule kijana wetu alikuwa jukwaani, na bunduki namba 1 mkononi. Na yule mama muuza chakula tulimpa kiti cha mbele. Pazia lilipofungwa nilimsikia akimwambia jirani yake: "Ile pale niliwahi kuishika. Ni ubao tu ule."